Leva ya Nyokabi: Kutoka Bahati Hadi Lodwar Juu ya Lori

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni au nje ya kanisa ananiuliza swali moja: ni kweli gari la Nyokabi liliibwa Molo? Wengine wamesikia nilimpiga dereva. Wengine wamesikia dereva ndiye aliyenipiga. Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, halafu tuzungumze mambo mengine. Habari za kutafuta kampuni, fomu na mihuri nitaziruka. Hizo hata mimi zilinichosha.

Kwa wale wasiotujua vizuri: binti yangu Nyokabi alipata polio akiwa mdogo na anatembea kwa magongo. Alisomea kazi ya maabara, akaajiriwa hospitalini Lodwar. Gari lake ni dogo, la otomatiki, na chini ya usukani lina leva ya chuma. Ukiisukuma mbele, gari linafunga breki. Ukiivuta kwako, linaongeza mwendo. Leva hiyo niliitengeneza na fundi mmoja wa jua kali pale Nakuru, ambaye sasa ni marehemu. Nyingine kama hiyo hakuna. Kwa miezi minane Nyokabi amekuwa akienda kazini kwa bodaboda, magongo yamefungwa nyuma kwa mpira. Alianguka mara mbili, na mara ya pili alivunjika mkono. Ndipo akasema, "Baba, nitumie gari langu." Macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha mwendo mrefu, na barabara ya kule ina sehemu zinazoweza kumega tumbo la gari dogo. Ikabidi libebwe na lori.

Na mnanijua. Miaka yangu yote kwenye ghala la nafaka Rongai nilishika bambo, kile chuma chembamba cha kutoboa gunia. Mahindi ya juu huwa mazuri siku zote. Ya katikati ndiyo hukwambia mkulima ni mtu gani. Sijawahi kuamini gunia kwa kulitazama, na watu siwaamini zaidi ya magunia.

Bahati: gari linaoshwa

Dereva alinitumia maagizo kwa sauti kwenye simu siku tatu kabla. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Mzee, osha hiyo gari vizuri, inje na ndani. Toa kila kitu, hata miavuli, hata sarafu. Mafuta iwe robo tanki, isizidi. Toa eriali. Zima alamu. Weka katoni chini ya injini usiku, asubuhi uangalie kama inavuja. Na ufunguo wa pili ukuje nao."

Niliyasikiliza maagizo hayo mara nne, na kila moja niliona lina mlango wa nyuma. Kwa nini liwe tupu? Ili tusiweze kudai kilichopotea. Kwa nini robo tanki? Labda hunyonya mafuta, na yakiwa machache hakuna atakayejua yamepungua. Na ufunguo wa pili wa nini, kama wa kwanza anao?

Mke wangu, Mama Nyokabi, alikuwa na shida yake. Yeye alitaka kutuma waru, viazi vya shamba letu.

"Debe moja tu," alisema. "Huko wanakula nini?"

"Amesema gari liwe tupu."

"Amekuambia wewe. Mimi hajaniambia kitu."

Nililiosha gari mwenyewe. Nilitoa eriali, nikapima upepo wa magurudumu yote manne, nikalaza katoni chini ya injini. Asubuhi katoni ilikuwa kavu, nikaona aibu kidogo kwa kufurahi hivyo. Kisha nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu na kuweka alama ndogo nyekundu kwenye betri, kwenye kila gurudumu na kwenye gurudumu la akiba. Mtu akibadilisha kitu, nitajua. Nati nne zinazoshika leva sikuzitia alama. Nilisema nani atahangaika na chuma cha kuchomelea?

Nakuru: kwenye yadi

Yadi ya kampuni iko nje kidogo ya mji, penye vumbi na mbwa wawili. Lori lilikuwa refu, na kitanda chake cha chuma kilitosha magari mawili. Mbele tayari kulikuwa na pikapu nyeupe ya mtu wa Eldoret.

Dereva alishuka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye kofia ya sufu na buti za kazi. Alinipa mkono.

"Naitwa Kemunto. Wewe ndiye baba ya mwenye gari?"

"Ndiye mimi. Na nitasafiri na wewe."

"Hatubebagi abiria, mzee."

Nilimwambia basi gari halipandi. Tulisimama hivyo kwenye jua mpaka mwenye kampuni akatoka ofisini. Ikawa kwamba turnboi wake Kemunto, yule msaidizi wa lori, alikuwa amekwenda matanga kwao, na kiti chake kilikuwa wazi. Mwenye kampuni alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema sawa, lakini dereva ndiye mkubwa barabarani.

Kabla ya kupakia, Kemunto alizunguka gari na simu yake akipiga picha. Alipiga kila mkwaruzo, hata mmoja chini ya mlango ambao nilikuwa siujui. Niliwaza: huyu anajitayarishia kisingizio. Nikatoa simu yangu, nikapiga picha zangu, hatua mbili nyuma yake. Tulizunguka gari hivyo kama watu wanaosindikizana. Alipofungua buti la gari alikuta debe la waru chini ya kitambaa. Akalitoa na kuniwekea miguuni. Nilimpa mlinzi wa yadi.

Halafu akaingia ndani ya gari na kuiona leva.

Alikaa pale muda mrefu. Aliishika. Aliisukuma mbele na kuivuta, polepole, akiinama kuona vile chuma kinavyofika kwenye pedali.

"Hii ilitengenezewa wapi?"

"Hapa hapa Nakuru."

"Nani alitengeneza?"

"Fundi. Amekufa."

"Inatoka?"

Swali hilo lilinichoma. Nikamdanganya. "Haitoki. Imechomelewa."

Alipitisha kidole chini ya usukani. "Hapa nasikia nati nne, mzee."

"Ni za urembo," nikasema.

Hakucheka. Alipiga picha za leva, nilihesabu tano, akashuka. Gari lilivutwa juu kwa waya wa mashine, mimi nikiwa ndani nimeshika usukani. Alifunga mikanda kwenye magurudumu, akaikaza kwa chuma mpaka gari likainama kidogo, akakunja vioo vya pembeni, akatoa waya mmoja wa betri. Yote aliyafanya vizuri. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwizi mjinga hufanya kazi vibaya.

Tuliondoka saa tisa alasiri, saa nne nzima baada ya muda tuliopatana.

Rongai na Salgaa

Kwenye kona ya Rongai alisimamisha lori.

"Naangalia mikanda. Ukitoka, kilomita thelathini za kwanza ndio inalegea."

Nilishuka pia. Kweli aligusa kila mkanda. Lakini baadaye alisogea nyuma ya lori, akapiga simu, akaongea Kikisii. Kikisii sikijui. Nilichokisikia ni maneno matatu yaliyokuja na kurudi kama nyuki: "leva", "mzee", na "nati nne".

Nilirudi kwenye kiti changu, nikamwandikia mke wangu: *Huyu mama anataka leva ya mtoto.* Akajibu: *Waru ziko wapi?*

Salgaa tulikuta msururu. Lori la unga lilikuwa limelala upande mbele yetu na barabara imezibwa. Dereva wake alikuwa mzima, ameketi kwenye jiwe akinywa soda. Tulikaa hapo mpaka jua likatua. Mimi sikuketi. Nililizunguka lori letu kama askari wa zamu. Dereva mmoja wa trela, mzee wa umri wangu aliyekuwa ameegemea gurudumu lake, aliniita.

"Boss, unatafuta nini?"

"Nalinda gari la mtoto wangu."

"Vizuri. Hapa betri hutembea." Akatazama lori. "Ni ya Kemunto? Huyo ni wa Molo. Mtu wa kazi. Hata bwana yake alikuwa dereva mzuri sana. Pole yake."

Nilitaka kuuliza zaidi lakini msururu ukasogea mita ishirini na kila mtu akakimbilia lori lake. Nikajiambia: kumbe ni mjane. Na kumbe kwao ni Molo, hapo mbele tu, ambapo ana ndugu wa kumsaidia.

Kabla ya kutoka Salgaa alinunua chakula, chapo kwa ndengu, sahani mbili, akaleta ndani ya lori. Alikuwa amezibeba mwenyewe mpaka karibu na dirisha la lori, kisha akanigeuzia mgongo, na kwa muda sikuziona sahani. Nyote mmesoma habari za watu waliowekewa mchele barabarani, ile dawa ya usingizi, wakaamka bila viatu. Nikamwambia, "Naomba hiyo yako."

"Ni sawasawa tu, mzee."

"Naomba hiyo yako."

Alinitazama. Kisha akazinyoosha zote mbili mbele yangu. "Chagua."

Nilichagua ya kwake. Nilipokwisha kuonja nikafikiri: na kama alijua nitaomba hii? Nikaiacha nusu. Yeye alimaliza yake, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, akawasha injini.

Mau Summit: baridi na dirisha

Nilitegemea tulale Eldoret. Tulipofika Mau Summit akakunja kuingia yadi ya lodging moja.

"Tunalala hapa."

"Eldoret si mbali."

"Na magari juu sipiti Timboroa giza na hii ukungu. Kampuni imekataza."

Ilikuwa sababu nzuri. Ndiyo sababu sikuiamini. Mwenye kuweka mawe kwenye gunia huweka pia mahindi.

Alisema yeye atalala ndani ya lori. Mimi niliomba chumba chenye dirisha la kutazama yadi, nikapewa. Palikuwa baridi ya kutoboa mifupa. Nililala na koti na viatu, nikaburuta kiti mpaka dirishani, nikajiambia sitafunga jicho. Lori lilikuwa pale chini ya taa. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Nilipoamka ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Dirisha lilikuwa limejaa ukungu. Nikalipangusa kwa mkono wa koti. Yadi ilikuwa tupu.

Sijui nilishukaje ngazi. Mlinzi alikuwa anaota moto wa makaa.

"Lori iko wapi?"

"Mathe wa lori ametoka kitambo kidogo. Amesema usiamshwe, umechoka."

"Ameenda upande gani? Eldoret?"

Alinyoosha kidole upande wa pili. "Molo."

Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Nikapiga tena, vivyo hivyo. Nilimwona Nyokabi kule Lodwar, ameshamwambia kila mtu kazini kwamba gari linakuja.

Barabara ya Molo

Nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona. Nilimwambia mwendeshaji aingie barabara ya Molo polepole, tutazame kila yadi.

"Umeibiwa, mzee?" aliuliza, akigeuza kichwa.

"Angalia mbele."

"Nikipata hiyo lori nakuita polisi? Cousin yangu ako station."

"Angalia mbele!"

Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa maziwa waliokuwa wakivuka tuliwaona wakiwa karibu kutugusa. Tulipita mashamba ya waru, kituo cha maziwa, duka lililofungwa. Kilomita tano hivi, niliona mgongo wa ile pikapu nyeupe ukielea juu ya ua wa michongoma.

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya karakana ya mabati. Gari la Nyokabi lilikuwa limeteremshwa chini. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Kwenye kiti aliketi mwanamume mwenye mabega mapana, na mguu mmoja wa suruali yake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Fundi alikuwa amechuchumaa na penseli na kipande cha katoni. Kemunto alikuwa ameshika tochi. Na juu ya gunia, chini, ilikuwepo leva ya mtoto wangu na nati zake nne.

"Kemunto!"

Tochi ilimwanguka. "Mzee. Nilikuwa nirudi kabla uamke."

"Nilijua. Tangu jana nilijua!" Nilisema mengine ambayo sitayaandika hapa. Yule wa bodaboda alikuwa amesimama nyuma yangu, kifua mbele, akingoja niseme neno.

Mwanamume aliyekuwa kwenye gari aliinua mkono. "Mzee, lawama ni yangu. Mimi ni Ongeri. Huyu ni bibi yangu."

"Nilisikia ulikufa," nikamwambia, maana hasira haina adabu.

"Karibu nife. Lori ilinilalia mguu. Mwaka wa pili sasa nakaa nyumbani kama gunia. Jana bibi alinitumia picha za hii kitu. Nilimwambia, kama hiyo gari itapita hapa bila mimi kuigusa, usirudi na hadithi yake."

"Mngeniomba."

"Nilikuuliza, mzee," alisema Kemunto. "Nilikuuliza kama inatoka."

"Uliniuliza kama inatoka! Hukuniambia ni ya nini."

"Ningekuambia, ungekubali?"

Fundi alikuwa ameacha kuandika. Nilitaka kusema ndiyo. Mimi ni mzee wa kanisa, nilitaka kusema ndiyo mbele ya watu.

"Ningekataa," nikasema.

"Basi," akasema.

Hakuniomba msamaha. Nawaambia hivyo kwa sababu wengine wanadhani alipiga magoti. Alisimama tu pale na kofia yake ya sufu, anajua kazi yake iko mikononi mwangu, kwa sababu simu moja kwa mwenye kampuni ingetosha. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba.

Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba nilitazama kile kipande cha katoni.

Fundi alikuwa amechora vizuri, vipimo vyote vimeandikwa, ila alichora fimbo ya breki ikipita kushoto kwa nguzo ya usukani. Leva yetu ya kwanza kabisa, mimi na marehemu tuliiweka hivyo hivyo. Nyokabi alikata kona kali pale nyumbani, fimbo ikanasa, breki ikakataa, akaingia na gari kwenye banda la kuku. Siku ile tulicheka baadaye kwa sababu ilikuwa banda la kuku.

Nilisimama nikitazama mchoro ule. Ningenyamaza tu, ningechukua leva yangu na kuondoka. Si mimi niliyewatuma kuiba vipimo.

"Hiyo itakuua," nikamwambia Ongeri.

"Nini?"

"Hiyo fimbo. Ukikata kona ya kulia mpaka mwisho, itanasa." Nikamgeukia fundi. "Lete hiyo penseli."

Tulikaa pale mpaka saa tano. Yule wa bodaboda alikataa kuondoka, akawa anatushikia spana. Nilimwonyesha fundi kwa nini fimbo lazima ipite kulia, kwa nini kifundo cha katikati kiwe na mafuta mazito, kwa nini usichomelee kitu kwenye pedali yenyewe. Mama mmoja, jirani, alituletea uji. Sikuuliza kilichokuwa ndani. Nilikuwa na njaa ya tangu Salgaa.

Nilipokuwa nairudisha leva, Ongeri aliomba akae kwenye kiti kwa dakika moja. Nilimkubalia, lakini ufunguo nilibaki nao. Alishika usukani kwa mkono wa kulia na leva kwa mkono wa kushoto. Akaivuta kidogo. Akaisukuma. Akatazama kioo cha juu kama mtu anayetaka kuingia barabarani. Kemunto aligeuka akaenda kukunja mikanda ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Nati nilizikaza mwenyewe, zote nne, na kila moja niliirudia mara tatu.

Eldoret hadi Marich

Msidhani tulipanda lori tukiwa marafiki. Hatukusemezana mpaka Eldoret, tulikoteremsha pikapu, na mwenyewe akalalamika kwamba tumechelewa. Kemunto alimwambia ni ukungu. Mimi nikatazama dirishani. Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliomsaidia kuubeba, na ulikuwa mzito.

Tulilala Kitale. Safari hii nililala ndani ya lori, kwenye kiti, na yeye akaenda lodging. Ndiye aliyependekeza.

Kushuka Marich joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Baada ya hapo lami inakuja na kuondoka, na mito mikavu ya mchanga inakata barabara. Sehemu moja, mbali na nyumba yoyote, mzee wa Kiturkana mwenye fimbo alisimama katikati ya njia akapunga mkono.

"Usisimame," nikasema. "Hiyo ni njama. Wengine wako kwenye vichaka."

"Anataka maji tu."

"Kemunto, usisimame!"

Alisimama. Mzee alikunywa nusu chupa, nyingine akaifunga kwenye shuka. Kisha akazunguka nyuma ya lori na kuanza kupiga kitanda cha chuma kwa fimbo yake, akisema maneno tusiyoyaelewa. Nilishuka nikiwa nimeshika spana. Alikuwa ananionyesha mkanda wa gurudumu la nyuma. Ulikuwa umechomoka kwenye ndoano yake na kuning'inia. Alikuwa ameuona ukipiga vumbi tangu tulipokuwa mbali.

Kemunto alikaza mkanda upya. Nilitafuta kitu cha kumpa mzee, nikampa kofia yangu. Aliivaa, akaenda zake.

"Kwenu Bahati watu wote wako hivi?" Kemunto aliuliza tulipoondoka.

"Hivi vipi?"

"Kama wewe."

Nilifikiri kidogo. "Hapana. Wengine ni wabaya zaidi."

Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

Lodwar

Nyokabi alikuwa anatungoja kwenye uwanja wa hospitali, chini ya kivuli cha ukuta, kwenye kiti cha plastiki, magongo mapajani. Amekonda, na ule mkono uliovunjika haujanyooka vizuri. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba haukunyooka.

Gari liliteremshwa. Kemunto alirudisha waya wa betri, akafungua vioo, akampa Nyokabi fomu ya kupokea. Kulikuwa na nafasi ya kuandika kama gari limefika vile vile lilivyochukuliwa. Kemunto hakunitazama. Alitazama kalamu.

Njia yote kutoka Kitale nilikuwa nimejiuliza nitafanya nini hapo. Nilisema, "Nyokabi, kabla hujaandika. Leva ilitolewa Molo." Nikamweleza yote, mbele ya Kemunto, bila kupunguza. Nilieleza pia nati za urembo.

Nyokabi alisikiliza mpaka mwisho. "Na nani aliirudisha?"

"Mimi."

Akamgeukia Kemunto. "Bwana yako ameanza kuendesha?"

"Bado. Fundi anangoja chuma. Na gari ya kuiweka bado hatujapata."

"Mkono gani una nguvu?"

"Wa kushoto."

"Mwambie wiki ya kwanza bega litauma sana. Asiache. Nipe namba yake, nitamwambia mwenyewe." Akaweka fomu juu ya goti, akaandika: *Sawa*. Akatia sahihi.

Kisha akaingia ndani ya gari. Alipanga magongo kwenye kiti cha pili, akavuta mkanda, akashika usukani. Injini ikawaka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari, hatua tatu kutoka kwenye taa, mkono mmoja nimeuinua. Sikumbuki kwenda pale. Nadhani niliwaza kwamba kama breki ina kasoro, afadhali ijulikane kwangu kwanza.

"Baba," aliita kupitia dirishani.

"Jaribu breki. Jaribu tena."

"Nimejaribu."

"Kata kona kulia, mpaka mwisho."

Magurudumu yakageuka kulia, yakarudi.

"Baba. Toka njiani."

Kemunto alikuwa ameshasogea pembeni, ameegemea lori lake. Nilitoka njiani. Gari lilipita karibu yangu, nikasikia upepo wake kwenye suruali. Lilizunguka uwanja mara moja, likafika getini, likasimama sawasawa kumpisha punda, kisha likakunja kushoto kuelekea mjini.

Hakutuambia anakwenda wapi. Sikumpigia simu kuuliza.